Mtoto Akisafiri Ng'ambo kwa Ndege Peke Yake

Siku hizi si ajabu kikundi kuitwa kwa harambee ya tikiti ya ndege. Mama yuko Uingereza akifanya kazi ya kutunza wazee, mtoto amebaki kwa nyanyake, na sasa mama anataka mtoto aende amwone likizo ya Agosti. Wanakikundi wanachanga, wanakodi matatu hadi Nairobi, wanaimba pale nje ya kiwanja cha ndege, kisha wanarudi nyumbani. Mtoto mwenyewe, wa miaka 13, amebaki na begi na pasipoti, na mbele yake kuna kama saa tisa hewani mpaka London. Je, ni nani anamwangalia?

Tuanze na makaratasi. Pasipoti ya mtoto huombwa kupitia eCitizen, na asiyejua mambo ya kompyuta anaweza kusaidiwa Huduma Centre. Cheti cha kuzaliwa ni lazima, pamoja na vitambulisho vya wazazi na kibali chao. Barua ya chifu peke yake haitoshi. Ikiwa jina la cheti halifanani na lile la shule, lishughulikieni mapema, maana jambo hilo hula muda.

Halafu viza. Mtoto anayeenda kutembelea Uingereza huandikiwa kwamba anasafiri na mtu mzima au peke yake. Akiandikiwa na mtu mzima, mtu huyo hutajwa, na mtoto akifika bila yeye anaweza kurudishwa. Kwa hivyo msijaze fomu mkisema "tutaona mbele ya safari." Tena viza hii kwa kawaida haizidi miezi 6, wala haimruhusu mtoto kusoma shule ya serikali huko. Akitokea mtu na kusema, "Mleteni tu kwa viza ya kutembelea, shule nitamtafutia," muulizeni vizuri.

Sasa tikiti, na hapa ndipo wengi huteleza. Mashirika mengi ya ndege yana huduma ya kumtunza mtoto anayesafiri peke yake. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 huduma hiyo huwa ni lazima. Lakini mashirika mengi humtoza aliyefika miaka 12 nauli ya mtu mzima, na wasipoombwa humchukua kama mtu mzima. Hakuna atakayemshika mkono. Mzazi ndiye wa kuomba huduma hiyo, mapema, na kuilipia mbali na nauli. Usinunue kwa simu ukidhani mambo yameisha. Nenda kwa ajenti au ofisi ya shirika, taja umri, na ungoje jibu kwamba ombi limekubaliwa. Masharti hayafanani: British Airways, kwa mfano, waliacha huduma hii mwaka 2016, na hawambebi mtoto wa chini ya miaka 14 akiwa peke yake. Ndege ya moja kwa moja ni afadhali hata ikiwa ghali kidogo, kwani kubadilisha ndege usiku katika nchi ya tatu kunamchanganya hata mtu mzima.

Kwenye fomu ya huduma hiyo kuna jina, anwani na simu ya anayemleta mtoto, na vilevile ya atakayempokea. Andika jina la mpokeaji jinsi lilivyo kwenye kitambulisho chake. Sisi tumezoea "Mama Njeri" au "Anti", lakini kule mhudumu atalinganisha fomu na kitambulisho, na visipopatana hamtoi mtoto. Aliyemleta mtoto asiondoke kiwanjani mpaka ndege iruke. Wanaotaka kurudi mapema na matatu watangulie.

Shirika la ndege humlinda mtoto mpaka mpokeaji atie sahihi. Baada ya hapo kazi yake imekwisha. Ndiyo maana jina la mpokeaji ni zito kuliko tikiti yenyewe.

Mwaka 1998 wazazi huko Ivory Coast walimkabidhi binti yao, Victoria Climbié, kwa shangazi ya babake aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Walimwamini kwa kuwa ni wa ukoo. Alisafirishwa kwa pasipoti yenye jina la mtoto mwingine, akapelekwa Ufaransa na baadaye London, na Februari 2000 akafa kwa mateso akiwa na miaka 8. Shangazi huyo alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Hatusemi kila shangazi ni mbaya. Tunasema ulizeni: anakaa wapi, na nani, anafanya kazi gani, ni nani mwingine kutoka kwetu anayemjua huko? Uingereza kuna sheria kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala jamaa wa karibu, serikali ya mtaa ijulishwe. Na jamaa wa karibu kwao si kama kwetu. Dada wa mama ni jamaa wa karibu. Binamu wa mama, ambaye sisi pia tunamwita mama mdogo, kwao si jamaa wa karibu.

Mkiona safari ina mashaka, kabla pesa hazijatoka nendeni kwa ofisa wa watoto wa eneo lenu, au mpige 116, simu ya bure ya watoto.

Kwenye begi msiweke nyama kavu wala maziwa, watanyang'anywa. Nyanya atanung'unika lakini ndivyo ilivyo. Katibu wa kikundi abaki na nakala za pasipoti, viza, tikiti na barua ya kibali iliyoapwa mbele ya wakili, pamoja na tarehe ya kurudi. Naye mtoto akariri namba mbili za simu kichwani, moja ya huku na moja ya huko. Akipiga simu juma la kwanza, mmoja wenu azungumze naye kwa lugha ya nyumbani, akiwa peke yake chumbani.