Kumwondoa mpangaji (Tanzania)

Kumwondoa mpangaji ni hatua ya mwenye nyumba kukomesha upangaji na kurudishiwa nyumba yake. Nchini Tanzania haki hiyo imebadilika mara kadhaa tangu uhuru, na bado kuna mapendekezo ya kuibadilisha tena. (Kodi inayotajwa hapa ni pango, yaani malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, si kodi ya serikali.)

Historia

Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilimlinda sana mpangaji. Iliweka kiwango halali cha pango, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mtu bila amri ya baraza la nyumba na bila sababu inayokubalika, kama vile kutolipa. Wenye nyumba walilalamika kwamba kesi huchukua muda mrefu huku pango likibaki dogo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo pango hupangwa kwa mapatano ya pande mbili.

Hali ya sasa

Upangaji husimamiwa hasa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mkataba usiozidi mwaka mmoja unaweza kuwa wa mdomo. Upangaji usio na muda maalumu huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo: anayelipa kwa mwezi hupewa angalau mwezi mmoja. Lakini mapatano ya mdomo ni magumu kuthibitisha, na hapo ndipo wapangaji wengi huumia. Mtu aliyelipa miezi sita mbele, akatakiwa kuhama mwezi wa pili bila risiti wala mkataba, hana cha kuonyesha. Mwenye nyumba naye, ambaye mara nyingi ni mzee anayeishi kwa pango la vyumba viwili au vitatu, hushindwa kuthibitisha deni. Wengine hufunga mlango kwa kufuli jipya au kung'oa bati. Njia hizo huweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Mgogoro unapotokea katika kata ya vijijini kama Mbulumbulu, wilayani Karatu, wahusika huweza kuanzia baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu. Baraza la kata hufuata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo husuluhisha tu, haliamui kesi. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Kwa mwalimu au mhudumu wa afya aliyepanga chumba mbali na kwao, siku 30 ni nyingi ikiwa vyombo vyake viko nje.

Mapendekezo

Mjadala wa sheria mpya hugusa mambo matatu: mkataba wa maandishi kwa kila upangaji, ukomo wa miezi inayolipwa mbele, na chombo cha kusimamia wenye nyumba na madalali. Pendekezo la mkataba wa maandishi ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote, kwa kuwa karatasi moja yenye sahihi na mashahidi inatosha. Ukomo wa malipo ya mbele unapingwa na wenye nyumba wanaotumia fedha hizo kumalizia ujenzi.

Nchi jirani zimekwenda mbele zaidi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2022 inadai amri ya mahakama kabla ya kumtoa mpangaji, na inazuia pango kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kenya iliandaa muswada mwaka 2021 wa kuunganisha sheria zake za upangaji.