Gundi ya Gasketi: Ipi, Wapi na Kiasi Gani?

Katika njia panda ya Usagara, kusini ya jiji la Mwanza, barabara iendayo Geita huachana na ile ya Shinyanga. Gari likisimama hapo huku rejeta ikitoa mvuke, wasafiri husema kwamba limechemsha. Huenda injini hiyo ilifunguliwa na kufungwa upya juzi tu, na kosa likawa ni gundi iliyopakwa mahali isipostahili.

Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri tupandavyo, maji yaliyo wazi huchemka Mwanza kwenye nyuzi 96 hivi za sentigredi, wala si 100 kama Dar es Salaam. Mfuniko wa rejeta huyabana maji ili kanieneo iongezeke, na kiwango cha kuchemka huweza kupita nyuzi 110. Lakini pakivuja mahali pamoja tu, faida hiyo hupotea.

Kazi ya gasketi ni kujaza mapengo madogo baina ya nyuso mbili za chuma. Kabla ya kuiongezea gundi, fundi hana budi kujiuliza: Je, hapo pana joto kiasi gani? Kanieneo gani? Tena kinachozuiwa ni maji, oili, petroli au gesi?

Tuanze na kichwa cha silinda. Gesi za mwako hupita nyuzi 2,000 kwa kitambo kidogo, na kanieneo yake ni makumi ya mara ya ile ya hewa. Silikoni ya kawaida huharibika katika joto lililo chini sana ya hilo. Kwa hiyo gasketi ya hapo kwa kawaida hufungwa kavu, isipokuwa kiwanda kilichounda injini kimeagiza vinginevyo. Kinachoziba ni nyuso safi zilizonyooka, na boliti zilizokazwa hatua kwa hatua, kwa kufuata mpangilio na kipimo cha kiwanda.

Silikoni hufaa kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kwenye pembe za kifuniko cha vali. Hukauka kwa kupokea unyevu wa hewa. Aina nyingine hutoa asidi ya asetiki, ndiyo maana hunuka siki. Utepe mwembamba watosha. Ikizidi, humenyuka ndani, ikaziba chujio la pampu, na beringi zikakosa oili. Haifai penye petroli, kwani huvimba na kulegea.

Ipo pia gundi ya namna ya pili, ifaayo kwa nyuso ngumu za chuma zilizochongwa sawasawa. Hiyo hugeuka kuwa ngumu pale tu inapogusa chuma na kukosa hewa. Ndani ya chupa yenye hewa hubaki majimaji.

Mwalimu aweza kuonyesha tofauti hiyo darasani. Dondosha kila gundi juu ya kioo, kisha paka nyingine kidogo baina ya nati na boliti. Kesho yake wanafunzi wataona ni ipi iliyokauka kwenye kioo, na ni ipi iliyoikamata nati.

Tahadhari moja: gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Usizikwangue zikiwa kavu, wala usipulize vumbi lake.