Kiswahili chatosha kumfikisha mtu ufuoni Uhispania

Imezoeleka nchini kudhaniwa kwamba lugha za Ulaya haziwezi kufunzwa ila kwa Kiingereza. Mwanafunzi atakaye Kihispania hukabidhiwa kamusi ya Kiingereza, akalazimika kuvuka mito miwili badala ya mmoja. Dhana hiyo haina msingi. Mfano mwepesi ni wa msafiri anayehitaji maneno machache tu ya kumwezesha kupumzika katika ufuo mtulivu.

Tuchukue Cabo de Gata, kusini mashariki mwa Uhispania, eneo la pwani lililohifadhiwa tangu 1987. Zipo huko fuo zisizo na hoteli wala makelele. Mgeni atahitaji kwanza playa (ufuo), arena (mchanga), sombra (kivuli) na agua (maji).

Matamshi hayatamsumbua Mswahili. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu. Neno linaloishia kwa irabu huwekewa mkazo, kwa kawaida, katika silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. Herufi ñ ni ny yetu, j hukaribia kh ya Khamisi, na z, katika sehemu kubwa ya Uhispania, ni th ya thamani.

Msamiati nao una nasaba. Majeshi ya Waislamu yaliingia Uhispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka 1492. Kiarabu walichokiacha ni ndugu wa kile kilichofika kwetu kwa biashara na dini. Ndiyo maana azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, na fulano ni fulani. Katika hasta mañana, yaani hata kesho, imo "hata" ile ile ya wazee wasemao "tangu asubuhi hata jioni". Wareno nao, majirani wa Wahispania, waliofika pwani yetu 1498, walituachia meza na bendera. Mhispania husema mesa na bandera.

Neno hilo la mwisho si pambo. Ufuoni penye bandera roja, bendera nyekundu, ni marufuku kuogelea, na asiyelijua aweza kulipa kwa roho yake. Aidha, husemwa roja wala si rojo, kwa kuwa bandera ni nomino ya jinsia ya kike. Vivyo hivyo ni playa tranquila lakini pueblo tranquilo, kama sisi tusemavyo ufuo mtulivu na kijiji kitulivu. Aliyelelewa katika upatanisho wa ngeli hatashangaa. Kiingereza hakina la kumfunza hapo.

Kweli, kufanana kwaweza kudanganya. Pera ya Mhispania si pera tulijualo sisi. Lakini kosa la namna hiyo hurekebishwa sokoni kwa kicheko.

La muhimu zaidi ni adabu. Mgeni ajuaye kuagiza tu, asijue kusalimu, ni mzigo kwa wenyeji, iwe Malindi au Almería. Basi buenos días, por favor na gracias yatangulie kabla ya bei na chakula.

Walimu wenzangu, tusiwaambie wanafunzi kwamba Kiswahili chao huishia mpakani. Tuwaonyeshe, neno kwa neno, kwamba ni ufunguo walio nao tayari mkononi. Mwacha asili ni mtumwa.