Potasiamu: madini yanayobaki zizini mfugaji anapohamia mjini

Mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu aliletwa kwangu mjini Lodwar akiwa ameshikwa kwapani na wanawe wawili. Hakuwa ameanguka wala kupigwa. Alilalamika kwamba miguu imemlegea kama si yake, na kwamba moyo unaruka pigo moja kila baada ya muda. Alikuwa mgonjwa wa presha, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimeza vidonge vya kukojoza. Siku tatu kabla ya hapo aliharisha. Nilipomwuliza anakula nini, alicheka kidogo. "Daktari, mbuzi walikwisha kwa ukame wa 2022. Siku hizi mimi ni mtu wa ugali na chai ya rangi."

Damu yake ilipopimwa, potasiamu ilikuwa 2.6. Kwa mtu mwenye afya kipimo hicho huwa kati ya 3.5 na 5.

Potasiamu ni nini, hata upungufu wake umwangushe mtu mzima? Ni madini tunayoyapata katika chakula, na karibu yote, yaani asilimia 98, hukaa ndani ya seli, hasa za misuli. Sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya mezani, hukaa zaidi nje ya seli. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayouwezesha mshipa wa fahamu kupeleka ujumbe na msuli kujikunja, ukiwemo moyo. Potasiamu ikipungua sana, miguu hulegea, tumbo hufunga na moyo hupoteza mwendo wake. Figo nazo huitumia potasiamu kama ishara: ikiwa nyingi, hutoa sodiamu kwa mkojo, ikiwa haba, huing'ang'ania chumvi, na presha hupanda.

Sasa tumfikirie mzee huyu alipokuwa bado na mifugo. Lita moja ya maziwa ina miligramu 1,500 za potasiamu au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na chumvi isiyofikia gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Mchungaji anayekunywa lita mbili wakati wa mvua, akala nyama kidogo na matunda ya mikoma, hufika hapo bila kujua kwamba kuna kitu kiitwacho potasiamu.

Mifugo yenyewe ina tatizo la kinyume. Majani na matawi yana potasiamu tele lakini sodiamu kidogo mno. Ndiyo sababu mbuzi hulamba udongo wa chumvi, na ngamia, ambaye hamu yake ya chumvi inawashinda wote, hupelekwa mbali kuitafuta. Figo za mnyama zimezoea kutupa potasiamu iliyozidi na kuibana sodiamu. Hata hivyo kuzidi kuna madhara yake: ng'ombe wa maziwa anayelishwa majani machanga yenye potasiamu nyingi anaweza kushindwa kufyonza magnesiamu, akaanza kutetemeka, akaanguka na hata kufa.

Figo zetu nazo zilirithiwa kutoka kwa watu waliokula potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Mjini mambo yamegeuka. Unga wa mahindi uliokobolewa umepoteza karibu nusu ya potasiamu ya punje nzima. Mafuta na sukari hazina kitu. Mchuzi hutiwa chumvi na vikolezo, chipsi hunyunyiziwa chumvi tena mezani.

Matokeo yake yamepimwa hapa hapa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi. Mkojo wao ulionyesha kwamba sodiamu ilikuwa imepanda ikilinganishwa na potasiamu, na presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, tangu miezi ya mwanzo kabisa. Miezi, si miaka! Mwaka 2020 watafiti waliowapima Waturkana waliona kwamba walioacha ufugaji lakini wakabaki mashambani hawakutofautiana sana na wafugaji. Afya ya moyo na mishipa iliharibika kwa waliohamia mijini. Sisemi kwamba potasiamu peke yake ndiyo sababu. Unene, sigara na kukaa bila kutembea vimo pia.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, shida ina sura nyingine. Kwa miaka mingi mgao ulikuwa nafaka, kunde, mafuta na chumvi, mboga na matunda kila mtu ajitafutie. Mwaka 2015 ulipoanza mpango wa Bamba Chakula, wa kununua kwa pesa za simu, familia ziliweza kuchagua kidogo. Mwaka 2025 misaada ilikatwa mno. Mwenye pesa kidogo hununua kinachoshibisha, na kinachoshibisha kwa bei ndogo ni unga.

Hapo kuhara huwa hatari maradufu, kwa kuwa choo cha majimaji hubeba potasiamu nyingi. Pakiti ya ORS ina potasiamu ndani yake. Maji ya chumvi na sukari ya kukoroga nyumbani hayana. Kwa hiyo tafuta pakiti kwanza, na mtoto aendelee kunyonya na kula. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa utapiamlo mwili wake umekwisha potasiamu, na hospitalini hupewa mchanganyiko maalumu wenye potasiamu zaidi na sodiamu kidogo. Huyo asitibiwe nyumbani.

Kwa wengine dawa iko sokoni. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban miligramu 700, ndizi mbivu moja kama 400, na kiazi kitamu huipita ndizi. Ongeza parachichi, mboga za majani, tende zinazostawi kando ya mto Turkwel, na samaki wa ziwani, bora asiwe wa chumvi. Usimwage maji uliyochemshia mboga, yanywe au yatie kwenye mchuzi, maana potasiamu huyeyukia humo.

Mzee wangu alipewa potasiamu ya kunywa, nikambadilishia vidonge, na bintiye akaanza kumpikia maharagwe. Baada ya siku chache alitembea mwenyewe hadi kliniki.

Lakini tahadhari. Mwenye ugonjwa wa figo hawezi kuitoa potasiamu iliyozidi, na ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla. Hali ni hiyo hiyo kwa baadhi ya wanaotumia enalapril, losartan au spironolactone. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu, lakini si kwa wenye figo mbovu, wajawazito wala watoto. Ukiiona dukani, na uko katika makundi hayo au unameza dawa hizo, iache rafuni mpaka daktari wako akupime damu.