"Haikuonekana" si "Haipo"

Mdogo wangu wa kike, mkazi wa Kayole, alinijia jioni moja na karatasi ya kliniki iliyoandikwa kwa Kiingereza. Majirani zake huniita daktari, nami sichoki kuwaeleza kwamba udaktari wangu ni wa isimu. Haujapata kutibu hata mafua. Alikuwa amepimwa saratani ya mlango wa kizazi na kuambiwa, "Uko sawa, mama." Hata hivyo, damu iliendelea kumtoka nje ya siku zake.

Karatasi haikusema kwamba yu mzima. Ilisema kwamba katika seli zilizochunguzwa, dalili ya saratani haikuonekana. Wanafunzi wa sarufi watanielewa: "haikuonekana" na "haipo" ni kauli mbili tofauti kabisa.

Kipimo hicho, alichokibuni George Papanicolaou, tabibu mzawa wa Ugiriki, hukwangua seli za juu ya mlango wa kizazi zikatazamwe kwa hadubini. Dhidi ya saratani iliyozoeleka mahali hapo, iletwayo na virusi vya papiloma, ni ngao kubwa, maana hiyo huanzia juu juu. Tena tunaihitaji mno: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliwahesabu Wakenya zaidi ya 5,000 waliougua na zaidi ya 3,000 waliofariki. Lakini iko nyingine, adimu, iitwayo limfoma, itokanayo na chembe nyeupe za damu. Ikiota katika njia ya uzazi, aghalabu hujificha chini ya utando, na brashi hupita juu yake bila kuigusa. Mara chache seli zake hunaswa. Kwa kawaida hapana budi kukata kinyama na kukipima.

Nilimhimiza arudi. Muuguzi mwingine, mama wa makamo, alimuuliza swali moja tu: "Damu imekoma?" Kinyama kikakatwa. Ilikuwa limfoma, ambayo hutibiwa zaidi kwa dawa kuliko kwa kisu, na sasa yumo katika matibabu.

Sisemi wanawake wasiende kupimwa; waende, tena mapema. Kisa changu ni na ile karatasi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Je, mwanamke wa Kayole, anayeuza, kununua na kuomba Mungu kwa Kiswahili, kwa nini atafute mhadhiri ndipo ajue mwili wake umesemwaje?