Kununua Mashine ya Santuri: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mashine ya kupigia santuri ikiharibika, mwenye fedha hununua nyingine. Santuri ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band ya miaka ya 1960 au 1970 ikichubuliwa na sindano mbovu, si rahisi kupata nyingine. Mlaji wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba aliyerithi sanduku la santuri kwa wazazi wake azingatie jambo hilo kabla hajavutiwa na mbao zinazong'aa au bei kubwa. Bei kubwa peke yake si ushahidi wa ubora.

Umeme

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na masafa ya hezi 50. Mashine za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Muuzaji aweza kukupatia transfoma ya kupunguza volti, na mashine isiungue. Hata hivyo, transfoma haibadili masafa. Iwapo kasi ya mota hufuata masafa ya umeme, mashine ya hezi 60 itapungukiwa hapa na sehemu moja ya sita ya kasi yake: santuri ya mizunguko 45 kwa dakika itazunguka mara 37.5 tu, na sauti ya mwimbaji itakuwa nzito isivyo yake. Soma kibandiko kilicho nyuma au chini ya mashine. Kisha weka alama ya karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, uhesabu: kwa kasi ya 33⅓, dakika tatu ni mizunguko 100 kamili.

Sindano na mkono

Hapa ndipo fedha yako inapopaswa kwenda kwanza. Chagua mashine ambayo mkono wake hurekebishwa uzito, na sindano yake hubadilishwa. Vichwa vingi vya sindano vya sumaku hukandamiza santuri kwa gramu 1.5 hadi 2.5; fuata kipimo cha mtengenezaji. Mashine nyingi ndogo za sanduku, zenye spika ndani yake, hukandamiza zaidi na hazina marekebisho. Sindano ya almasi huchakaa baada ya takriban saa 500 hadi 1,000 za kupiga. Kwa mashine ya mtumba, hesabu bei ya sindano mpya tangu mwanzo. Santuri za kale za mizunguko 78 zina michirizi mipana, nazo huhitaji sindano yake maalumu.

Vifaa vinavyoambatana

Kichwa cha sumaku hutoa mkondo dhaifu sana. Amplifaya yako iwe na tundu lililoandikwa PHONO, au mashine iwe na kikuzaji chake ndani. La sivyo utasikia mnong'ono tu. Mashine zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira ni nzuri, lakini mkanda hulegea kwa joto na umri. Muulize muuzaji mkanda na sindano vinapatikana wapi: Ifakara, Morogoro, au hadi Dar es Salaam?

Unyevu na vumbi

Masika ya Bonde la Kilombero huleta unyevu, na kiangazi huleta vumbi. Chagua mashine yenye mfuniko. Santuri zisimamishwe wima, mbali na jua na sakafu yenye maji, na zifutwe kwa kitambaa laini kabla ya kupigwa.

Haki yako

Peleka dukani santuri moja usiyoionea uchungu, uisikilize hadi mwisho, kwa maana kasoro nyingi hujitokeza karibu na katikati ya sahani. Dai risiti ya EFD, pamoja na maandishi yanayotaja aina ya mashine, namba yake, kama ni mpya au ya mtumba, na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukipotoshwa, mwandikie kwanza muuzaji na ubaki na nakala. Akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) ukiwa na risiti yako.

Muuzaji asiyekuruhusu kuijaribu mashine kabla ya kulipa, usimpe fedha yako.