Mkwaruzo kwenye gari: pima kina chake kabla ya kumkemea mtoto au kumwita fundi

Kwa familia nyingi gari ndiyo mali ghali zaidi baada ya nyumba. Limenunuliwa kwa mkopo wa kazini, kwa fedha za tumbaku au kwa akiba ya miaka, na ndilo linalopeleka watoto shule na wagonjwa hospitali. Ndiyo maana mzazi akikuta mstari mweupe mlangoni hasira hupanda haraka, na mtoto aliyeonekana mara ya mwisho karibu na gari ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kabla ya kufika huko, kuna swali moja linaloweza kuokoa fedha na amani ya nyumba: mkwaruzo umeingia kwa kina gani? Jibu lake ndilo linaloonyesha kama kazi itaishia uani kwa nusu saa, au ni ya gereji.

Vumbi, matawi na miembe

Kwa wakazi wa Tabora, vyanzo vya mikwaruzo viko karibu. Udongo mwingi wa mkoa huu ni wa kichanga, na chembe ya mchanga ni ngumu kuliko rangi ya gari. Njia nyingi za kuingia vijijini, huko Sikonge, Urambo na Uyui, hupita katikati ya miombo, na matawi hukwaruza ubavu wa gari pande zote mbili.

Mjini kuna miembe, ambayo wazee husimulia kwamba ilienea na misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kivuli chake ni kizuri kwa kuegesha gari, lakini juu yake hudondoka utomvu, maembe na vinyesi vya ndege. Kinyesi kikikaukia juani hula rangi. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, kisha kiondoe siku ileile bila kukwangua.

Mtoto anayeandika jina lake kwenye gari lenye vumbi hana msumari mkononi. Kinachochora ni mchanga ulio chini ya kidole chake. Mtu mzima anayefuta vumbi kavu kwa kanga kuukuu anafanya jambo hilohilo, tena gari zima. Ile mistari myembamba ya mviringo inayoonekana jua likipiga kwenye boneti mara nyingi imetokana na kuosha na kufuta.

Jinsi ya kupima

Magari mengi ya kisasa yana matabaka matatu juu ya bati. Chini kabisa kuna praima, katikati kuna rangi yenyewe, na juu kuna klia, tabaka lisilo na rangi linalotoa mng'ao. Klia hii ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa, kwa hiyo kila unaposugua unapunguza kitu kisichorudi.

Osha sehemu husika, iache ikauke, kisha pitisha ukucha taratibu kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukipita bila kunasa, mkwaruzo uko kwenye klia na unaweza kuondoka. Ukinasa, umeingia ndani zaidi. Kipimo cha pili ni maji: ukilowesha mkwaruzo na ukapotea machoni, una nafasi nzuri ya kuufuta nyumbani. Ukibaki unaonekana rangi nyingine, kwa kawaida kijivu, umefika kwenye praima. Ukiona bati linang'aa, hapo usisugue chochote.

Mkwaruzo wa juu

Fanya kazi asubuhi au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye gari. Acha stilwaya na sabuni ya kusugulia masufuria vibaki jikoni, kwani huacha mikwaruzo mingi kuliko uliyokusudia kuondoa.

Kama gari limeguswa na bodaboda au geti, alama inayoonekana huenda ni rangi au mpira wa kitu kile uliobaki juu. Dondoshea kitambaa laini mafuta ya taa kidogo, futa taratibu, kisha osha kwa sabuni. Usitumie tina, kwani inaweza kuyeyusha rangi, hasa ya gari lililowahi kupigwa rangi upya.

Kwa mkwaruzo hafifu, dawa ya meno nyeupe ya kawaida inaweza kusaidia kwa sababu ina chembe laini za kusugulia. Kwa mkwaruzo unaoonekana wazi zaidi, nunua kwenye duka la vipuri krimu ya kusugulia rangi ya gari, ambayo huitwa kompaundi. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Weka kidogo kwenye kitambaa laini chenye unyevu, sugua kwa mizunguko midogo bila kukandamiza kwa dakika moja au mbili, futa, kisha tazama. Rudia mara mbili au tatu. Usipoona nafuu, acha. Kwenye kingo za milango na boneti rangi huwa nyembamba zaidi, hivyo hapo mkono uwe mwepesi.

Mafundi hutumia msasa wa maji namba 2000 kwa mikwaruzo migumu zaidi. Nyumbani, kwa mtu ambaye hajawahi kuushika, ni afadhali kuishi na mstari mmoja kuliko kutoboa klia na kulipia mlango mzima.

Mkwaruzo uliofika chini

Mkwaruzo uliopita rangi haufutiki. Huzibwa. Lengo hapa ni kuzuia maji yasifike kwenye bati, na rangi kufanana ni jambo la pili. Kwenye Toyota nyingi zinazotoka Japani, chini ya boneti kuna kibati chenye maandishi C/TR, na herufi au tarakimu zinazofuata huonyesha namba ya rangi. Kwa mfano, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Mchanganya rangi akipata namba hiyo hahitaji kubahatisha, ingawa gari lililopauka kwa jua huenda lisifanane kabisa.

Safisha mkwaruzo na uukaushe. Kama kutu imeanza, iondoe kwa kipande kidogo cha msasa ndani ya mkwaruzo tu, kisha tanguliza praima. Ikikauka, weka rangi kwa kijiti cha meno au brashi ndogo, tabaka jembamba baada ya jingine, ukisubiri kila moja likauke. Malizia na klia. Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Bampa za plastiki hazishiki kutu, hivyo hazina haraka.

Je, nta ya Tabora inafaa?

Katika mkoa unaojulikana kwa asali na nta, swali hili ni la haki. Nta ya nyuki imo katika baadhi ya polishi, lakini ikipakwa peke yake kwenye gari huwa laini na kunasa vumbi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 hivi, wakati nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mnazi pori wa Brazili, hustahimili hadi zaidi ya 80. Tumia polishi iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Kumbuka kwamba polishi hulinda na kuficha mistari midogo, lakini haiondoi mkwaruzo.

Watoto na kazi hii

Mtoto mkubwa anaweza kusuuza, kukausha na kushika tochi wakati wa kutafuta mikwaruzo. Rangi, praima na tina ni za watu wazima, tena mahali penye hewa. Usihifadhi mafuta ya taa au tina kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Ndoo za maji zimwagwe kazi ikiisha, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata katika maji machache.

Wafundishe mapema kwamba gari lenye vumbi si ubao wa kuandikia, na kwamba baiskeli isiegemezwe mlangoni. Kisha wahakikishie kwamba mkwaruzo ukitokea, waje kusema. Mtoto anayeogopa fimbo ataficha, na mkwaruzo uliofichwa hadi msimu wa mvua hugeuka kutu. Anayejua atasikilizwa atakuja siku ileile, wakati bado unaweza kuzibwa kwa kijiti cha meno.